Kompyuta ya Nyumbani, Siri za Wengine

Mwenye kompyuta nyumbani alinde nini kwanza, mashine au vilivyomo? Na akishindwa kuvilinda, anaumia nani? Ukiuliza swali hili Dar es Salaam utajibiwa habari za wadukuzi. Ukiliuliza Bukoba au Muleba utaanza kusikia habari za radi, steshenari na daftari la wakala, na kwa maoni yangu huku ndiko kwenye jibu lenye uzito zaidi.

Mjadala huu nimeupanga kwa sauti tano. Yuko Fundi, anayetengeneza kompyuta kwenye chumba kimoja Kashai, Bukoba mjini. Yuko Mwalimu wa sekondari wilayani Muleba, mwenye laptopu moja na shule nzima ndani yake. Yuko Mzee, katibu mstaafu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa upande wa Kamachumu. Yuko Mama Wakala, anayetoa na kuweka fedha za simu karibu na stendi ya Muleba. Na yuko Sista, muuguzi. Ni sauti za kutunga, ila kazi wanazozisimulia zinafanyika kila siku. Majina sijawapa. Mada ni siri za watu. Tukianza kwa kutaja majina tutakuwa tumeshashindwa.

Fundi aanze, ndiye mwenye haraka.

FUNDI: Mimi mashine kwanza, na sibahatishi. Wanaoniletea laptopu iliyokufa, wengi hawajadukuliwa na mtu yeyote. Wamepigwa na umeme. Mkoa huu wa Kagera kwa miaka mingi uliishi kwa umeme wa Uganda: unatoka Masaka, unavuka mpaka, unaingia Kyaka, ndipo unatufikia sisi tulio mwisho wa laini. Ukikatika hauumizi sana. Unaumiza unaporudi, kwa sababu haurudi taratibu. Halafu ongeza mvua. Bukoba tunapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua yetu haiji kimya, inatoka ziwani usiku na ngurumo zake. Radi haina haja ya kupiga nyumba yako. Ikipiga nguzo ya mtaa wa pili, inakuja na waya mpaka sebuleni. Mtu ananunua ekstensheni ya shilingi elfu tano yenye taa nyekundu, anadhani amenunua kinga. Ile ni ekstensheni tu.

Mezani kwake ipo kompyuta ya mezani iliyotoka Nshamba. Ameshafungua ubavu wa kasha. Vumbi jekundu limeganda kwenye mapanga ya feni hata huoni pengo kati ya panga na panga. Nyuma ya pawa saplai, kwenye kona, kuna mayai mawili ya mjusi, meupe, mazima. Kapasita tatu zilizo jirani na prosesa zimevimba vichwa, na moja imechuruzika uji wa kahawia uliokaukia kwenye bodi. Anazigusa kwa ncha ya bisibisi, moja moja.

FUNDI: Hizi hazikufa siku moja. Umeme unapanda na kushuka, zinavimba, siku ikifika zinapasuka. Stabilaiza ingeziokoa. UPS ingempa mwenyewe dakika kumi za kuhifadhi kazi yake na kuzima kwa utaratibu. Lakini radi ikija, vyote hivyo usivitegemee. Ikinguruma, chomoa. Kuzima swichi hakutoshi. Chomoa plagi ukutani, na ruta ya Wi-Fi uichomoe pia. Hiyo haina gharama, na ndiyo watu wasiyoifanya.

MWALIMU: Fundi, mashine inanunuliwa nyingine. Laptopu ya mtumba inapita Mutukula kutoka Kampala, nyingine inakuja na basi kutoka Dar, mtu anajikusanya anainunua. Alama za kidato cha nne za muhula mzima haziuzwi dukani. Na hizo haziuawi na radi peke yake, zinauawa na flashi. Napeleka mtihani steshenari ukachapishwe. Nikirudi nyumbani nachomeka flashi, kila folda ina kimshale pembeni, na ukubwa wake ni kilobaiti moja au mbili. Ukibofya inafunguka kama kawaida, kumbe kuna programu imeshajinakili kwenye mashine yako, inasubiri flashi ya mwenzako. Mafaili yenyewe yapo, yamefichwa.

FUNDI: Hao ndio wateja wangu wa Ijumaa. Nafungua dirisha jeusi, naandika attrib -h -r -s /s /d na herufi ya flashi, mafaili yanarudi. Elfu mbili. Microsoft ilishazuia flashi kujiendesha zenyewe tangu 2011, ila kidole cha mwalimu kinachobofya hakuna aliyekizuia.

MWALIMU: Kidole changu kina makosa, sawa. Na Windows 10 uliyoniwekea? Marekebisho yake ya usalama yalikoma Oktoba 14, 2025.

FUNDI: Laptopu yako haipokei Windows 11, prosesa ni ya zamani. Unaweza kuhamia Linux, bure kabisa, lakini utarudi hapa kesho kuniuliza Word iko wapi. Na tuseme kweli, Mwalimu: ile Windows hukuinunua. Ni ya kukraki, na antivairasi yake ya kukraki. Aliyeivunja kufuli lake kule ilikotoka hakuivunja kwa sadaka. Hatujui ameacha nini ndani.

Hapa wangeweza kubishana mpaka jioni juu ya programu, na makala nyingi za mambo haya huishia hapo hapo: sasisha hiki, nunua kile. Mzee hana subira hiyo.

MZEE: Vijana, mnanichosha. Mimi hesabu za kahawa nimeziandika toka nywele hizi zikiwa nyeusi. Karatasi haitaki chaji, haijui Windows, na mwizi akiingia dirishani haibebi. Anabeba redio.

MWALIMU: Shikamoo tena, mzee. Lakini Septemba 10, 2016, karatasi zilikuwa wapi?

Tarehe hiyo Kagera haihitaji maelezo marefu. Ilikuwa Jumamosi, saa 9:27 alasiri. Tetemeko la kipimo cha 5.9, kitovu chake upande wa Nsunga, Missenyi, liliua watu wasiopungua 16 na kuangusha nyumba zaidi ya 2,000. Sekondari za Ihungo na Nyakato zilibomoka kiasi cha kulazimika kujengwa upya. Tunapozihesabu nyumba zilizoanguka huwa tunasahau kuhesabu masanduku yaliyokuwa chini ya vitanda: hati za mashamba, vyeti vya ndoa, vyeti vya shule. Na aliyekuwa na kompyuta, na akawa na busara ya kununua diski ya nje ya kuwekea nakala, mara nyingi aliiweka droo moja na kompyuta yenyewe. Ukuta ukianguka hauchagui.

MZEE: Nyumba yangu ilipasuka toka msingi mpaka kwenye paa. Daftari la chama lilikuwa ndani, likanyeshewa, wino ukatawanyika. Lakini hesabu ya mkulima hata mmoja haikupotea. Kwa nini? Kaboni! Kila stakabadhi ilikuwa na kaboni chini yake. Ya juu anaondoka nayo mkulima, ya pili inakwenda chama kikuu Bukoba, ya tatu inabaki kitabuni. Kamachumu ianguke yote, Bukoba ipo. Bukoba ianguke, mkulima anayo yake kwenye mfuko wa koti. Hiyo bekapu mnayoitangaza sisi tuliiandika kwa kalamu ya kukandamiza.

FUNDI: Mzee, hapo umenishinda.

Amewashinda wote, na mimi pia naandika jina langu upande wake. Wataalamu wa kuhifadhi mafaili wana kanuni waliyoipata kwa mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali. Katibu wa chama cha msingi alikuwa akiitekeleza kabla kompyuta haijafika Kamachumu. Kwa nyumba ya Muleba ya leo tafsiri yake ni ndogo: faili liwe kwenye laptopu, liwe kwenye flashi isiyopelekwa steshenari hata siku moja, na nakala nyingine iwe Bukoba au Mwanza kwa mtoto, au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Watu hulalamikia bando, na kwa picha na video wana haki ya kulalamika. Lakini hesabu za kikoba za mwaka mzima kwenye Excel kwa kawaida hazifiki hata megabaiti moja; jitumie mwenyewe kwa barua pepe, bando halitajua kama limeguswa.

Mama Wakala alikuwa akisubiri foleni ya maneno iishe.

MAMA WAKALA: Nyie wote mnaongelea kupotea. Kitu kikipotea unajua kimepotea. Kikivuja hujui, unakuja kujua kwa kupigiwa simu. Angalieni daftari langu. Mteja akitoa fedha, tunaandika jina, namba ya simu, kiasi, anasaini. Anayefuata anasaini chini yake. Kalamu iko mkononi, macho yako mstari wa juu. Msimu wa kahawa, mzee ametoka kulipwa, mstari wake uko wazi: jina, namba, laki nane. Jioni simu inaita, anaitwa kwa jina lake, anaambiwa kuna muamala umekosewa umeingia kwake, asome namba aliyotumiwa. Anaisoma.

MZEE: Waitu! Basi ndiyo maana walinijua jina.

MAMA WAKALA: Ndiyo maana. Zile za kubahatisha, za "ile pesa tuma kwenye namba hii," hata mtoto anazijua siku hizi, unazituma 15040, namba ya kuripoti matapeli, unaendelea na shughuli zako. Hatari ni yule anayekujua jina, anajua na ulipokea lini. Mimi sasa nimekata boksi la sabuni, kipande cha upana wa daftari, nakishusha kila mteja akimaliza, kinafunika mistari ya juu. Mwenzangu wa jirani alinicheka. Sasa na yeye anacho.

MWALIMU: Na vidole?

MAMA WAKALA: Vidole ndiyo usiseme. Ule mwaka wa kusajili laini kwa alama za vidole, 2019 kuingia 2020, foleni ilikuwa inazunguka jengo. Bibi anaambiwa kidole hakijasoma, weka tena. Kumbe cha kwanza kilisoma, cha pili kinasajili laini ya mtu mwingine kwa jina lake. Ndiyo maana wateja wangu wazee nawabonyezea *106#, waone namba ngapi zimesimama kwenye kitambulisho chao cha taifa, cha NIDA. Wakikuta wasiyoijua, waende kwa kampuni ya simu wakaikane.

Naomba niingilie, maana kuna mahali Mwalimu amepagusa na hakuna aliyekaa napo: steshenari. Dirisha la mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, vijana wa Muleba wanajaa kwenye vyumba vile vya printa moja na kompyuta mbili. Mtoto anatoa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA, cheti cha kifo cha mzazi kama ni yatima, namba ya NIDA, picha, sahihi ya mdhamini. Vinaskaniwa. Kama kipo kwenye simu, anakituma kwa WhatsApp ya duka. Hana barua pepe, kwa hiyo mwenye duka anamfungulia, na neno la siri analiandika kwenye kaunta buku ili mtoto akisahau amkumbushe. Ni wema wa kweli, na bila wema huo wengine wasingefika chuo. Lakini mwaka unaofuata, fungua folda ya Downloads ya kompyuta ile: kijiji kizima kimo, na vifo vyake. Mwenye duka huyo huyo anabeba kazi zilizobaki akamalizie usiku kwenye kompyuta ya nyumbani, ambayo watoto wake wanachezea gemu na shemeji anapakulia muvi. Mdukuzi wa kwenye sinema anavunja mlango. Kwetu hakuna haja. Tunampelekea wenyewe, tena tunalipia kila ukurasa.

SISTA: Nimewasikiliza wote. Kila mmoja amesema "mashine yangu, mafaili yangu, fedha yangu." Mwalimu, kwenye laptopu yako kuna nini?

MWALIMU: Alama. Namba za simu za wazazi. Nani hajatoa mchango wa chakula. Barua za nidhamu.

SISTA: Na yule binti aliyeacha shule Machi?

MWALIMU: ... Ipo barua yake.

SISTA: Basi ya kwako iko wapi humo? Mkoa huu ulijifunza jambo hili kabla kompyuta hazijaja. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini, mwaka 1983, walikuwa wa Kagera. Watu wakaupa ugonjwa jina la Juliana, jina la nguo za magendo zilizokuwa zinatoka Uganda. Mtu akikonda, jirani ndiye daktari, na hukumu inatoka kilabuni. Mwaka 1987 watafiti walipima watu wazima wa mkoa: Bukoba Mjini karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi, Bukoba Vijijini na Muleba mmoja kati ya kumi. Takwimu hizo zilisomwa dunia nzima, na hakuna aliyehitaji kujua jina la mtu hata mmoja ili azielewe. Majina yalitoka kwa njia nyingine. Daftari lililoachwa wazi mezani. Kadi iliyodondoka kwenye gari. Kuonekana kwenye benchi fulani siku fulani ya wiki. Mpaka leo yupo wa Bukoba anayefuata dawa Muleba, na wa Muleba anayezifuata Bukoba, wanapishana Kemondo kila mmoja ameangalia dirishani.

MZEE: Ni kweli, mwanangu. Tulizika watu tukiwa tumeshawasema.

SISTA: Halafu ikaja Marburg. Ilitangazwa Machi 21, 2023, Bukoba Vijijini, kata za Maruku na Kanyangereko. Wagonjwa tisa kwa kuhesabu na mmoja ambaye hakuwahi kupimwa, waliofariki sita, mmoja wao mtumishi wa afya. Wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, huku kwetu Muleba. Ugonjwa ule unazuiwa kwa orodha: kila aliyemgusa mgonjwa anaandikwa, anafuatiliwa siku 21. Sijasema orodha zisiwepo. Bila orodha tungekwisha. Lakini orodha ile mtu akiipiga picha kwa simu, akairusha kwenye kundi la ukoo kwa nia njema ya kuwaonya ndugu, aliyeandikwa pale siku ya 22 anaamka mzima na hakuna anayenunua ndizi zake. Aliyepiga picha hana virusi kwenye simu, hajadukuliwa, antivairasi yake ni mpya. Kwa hiyo mkiniuliza mashine kwanza au mafaili kwanza, mimi nauliza kwanza mafaili hayo ni ya nani.

Nadhani hapo ndipo mjadala ulipopaswa kuanzia. Kompyuta nyingi za nyumbani huku kwetu ni ofisi zisizo na kibao. Mhazini wa kikoba, katibu wa kamati ya harusi, mwenyekiti wa jumuiya, mwalimu, karani wa chama cha ushirika anayemalizia orodha ya wakulima na namba za akaunti zao: wote wanarudi nyumbani na watu wengine ndani ya begi. Anayesema "mimi sina cha kuficha" anajisemea yeye tu.

MWALIMU: Ndiyo kazi ya sheria. Katiba ya 1977, ibara ya 16, ilishataja faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikatungwa 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Rais Samia akazindua Tume yake Aprili 2024. Taarifa za afya, za watoto na za miamala ya fedha zinahesabiwa nyeti. Anayetoa taarifa za mtu isivyo halali, faini mpaka milioni 20 au kifungo mpaka miaka 10.

FUNDI: Na Tume iko Dodoma. Mama wa Izigo akisemwa kwenye kundi la WhatsApp, apande basi kwenda Dodoma?

MWALIMU: Sheria nayo haijakamilika, sikatai. Mwaka 2024 Mahakama Kuu iliona baadhi ya vifungu vyake haviko wazi, ikataka virekebishwe. Lakini jirani zetu wameonyesha inawezekana. Kenya, Septemba 2023, kamishna wao aliitoza shule moja, Roma School ya Uthiru, shilingi zao zaidi ya milioni nne na nusu kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

MAMA WAKALA: Na zile za mahafali ulizoweka stetasi, Mwalimu?

MWALIMU: Nimezifuta.

MAMA WAKALA: Lini?

MWALIMU: Nilipoisoma hiyo habari ya Kenya. Tuendelee.

MAMA WAKALA: Mimi sheria naitaka, tena ije upesi, maana kuna jambo boksi la sabuni haliwezi. Jirani yangu alikopa kwa programu ya simu. Alipochelewa kulipa, meseji ikaja kwangu: fulani ni mdaiwa sugu, mwambie alipe. Mimi sijakopa, sijasaini, sijui hata hiyo programu inaitwaje. Namba yangu waliichukua kwenye simu yake siku alipobonyeza "Ruhusu." Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Nilifurahi. Ila namba yangu hawakunirudishia.

Fundi anacheka kuliko wote, na ndicho kinachomponza, maana Sista anamgeukia.

SISTA: Fundi, nikuulize na wewe. Laptopu ikikaa kwako siku tatu, mafaili unafungua?

FUNDI: Nafungua. Nisipofungua nitajuaje kama yamepona?

SISTA: Mangapi?

FUNDI: Yanayotosha.

SISTA: Picha?

FUNDI: Sista, ukiletewa mgonjwa unamwangalia. Mimi siwezi kutengeneza nimefumba macho. Ila nakiri, wapo mafundi wanaonakili. Mteja kaleta kioo kilichopasuka, yeye anatembea kwenye folda za picha. Sisemi ni nani.

Si jambo la Kashai peke yake. Mwaka 2008 mwigizaji wa Hong Kong, Edison Chen, alishuhudia picha zake za faragha zikisambaa mtandaoni pamoja na za wanawake kadhaa mashuhuri. Chanzo hakikuwa mdukuzi wa mbali, ni laptopu aliyoipeleka kutengenezwa. Fundi aliyezichukua alifungwa mwaka uliofuata. Waliolipa gharama kubwa zaidi ni wale wanawake, ambao hawakuwahi kuipeleka laptopu yoyote popote. Na kufuta hakusaidii sana. Fomati ya haraka, ile ya kila mtu, inafuta orodha ya mafaili na kuacha mafaili yenyewe yamelala mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Waandishi wa kipindi cha Frontline cha Marekani walinunua diski za mtumba Ghana mwaka 2009, na kwenye mojawapo wakakuta nyaraka za kampuni ya silaha ya Northrop Grumman. Kampuni ya silaha. Sasa laptopu ya mhazini wa kikoba cha Rubya, iliyouzwa ili ipatikane ada ya shule, imekwenda na nini?

FUNDI: Basi niwasaidie wateja wanilinde dhidi ya vishawishi. Kama ubovu ni kioo au chaji, toa diski ubaki nayo. Kwa laptopu nyingi za zamani ni skrubu mbili tatu, nitakutolea mbele yako. Kama ubovu ni wa programu, kaa hapa nikifanya, kiti kipo. Na kama mashine yako inaruhusu kufunga diski nzima kwa msimbo, BitLocker au nyingineyo, ifunge toka siku ya kwanza. Akiiba kibaka, au akiishika fundi mwenye tamaa, ataona takataka. Lakini ule ufunguo mrefu wa akiba uandike kwenye karatasi. Ukipotea, hata mimi siwezi.

MZEE: Hapo ndipo penye pingamizi langu. Mwenye ufunguo akafa?

Kimya cha kwanza cha mjadala.

MZEE: Mimi nikiwa katibu, sanduku la chuma lilikuwa na funguo mbili, moja kwangu, moja kwa mwenyekiti. Leo mhazini anakufa Jumatatu, Jumatano wanakikundi wanataka kujua akiba zao, laptopu imefungwa, na mjane hajui kitu. Kwetu mtu mwenye mali anaandika wosia akiwa na akili timamu, mbele ya mashahidi, anaukabidhi kwa anayemwamini, unafunguliwa baada ya matanga. Neno la siri nalo liwe humo.

MAMA WAKALA: Na akilibadilisha, wosia unaandikwa upya?

MZEE: Anabadilisha bahasha.

SISTA: Mzee, wosia unasomwa mbele ya ukoo. Shamba atalirithi mwanao, sawa. Deni la kila mwanakikundi, na nani alikopa kwa ajili ya matibabu gani, na lenyewe anarithi?

MWALIMU: Ziwe bahasha mbili. Picha na hati za familia, bahasha ya nyumbani. Ya kikoba ikae kwa mwenyekiti, imefungwa kwa lakiri, na kila mkutano mkuu ioneshwe kuwa haijafunguliwa.

MZEE: Sasa mnaongea kiushirika.

FUNDI: Na laptopu yenyewe, kabla mrithi hajaiuza, ije hapa ifutwe kisawasawa. Si fomati. Naandika takataka juu ya kila nafasi ya diski, mwanzo mpaka mwisho. Diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500 inachukua kama saa mbili umeme usipokatika. Ukikatika, naanza upya.

MAMA WAKALA: Bei gani?

FUNDI: Elfu kumi.

MAMA WAKALA: Chukua tano.

FUNDI: Kwa elfu tano, mama, nakufanyia fomati.